Raha na Wepesi

Kuchagua baina ya kizuri na kibaya si kazi kubwa. Hata mtoto mdogo huukwepa moto akashika tunda. Kazi iko katika kuchagua baina ya kizuri na kizuri, kwa kuwa hapo kila kinachopatikana hununuliwa kwa kile kinachoachwa, wala mchaguzi hapati mtu wa kumlaumu ila nafsi yake. Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Msemo huo unamfaa mvivu atafutaye udhuru wa kutolima. Lakini mkulima hodari naye huchagua, maana jembe la kupalilia mchicha silo la kung'olea kisiki. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa motokaa za kasi. Najua kuwa wasomaji wangu wengi hawatazinunua. Lakini katika kitu cha thamani kubwa busara na upungufu wa mchaguzi huonekana wazi zaidi kuliko katika kitu cha thamani ndogo.

Motokaa za kasi ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutengenezwa kwa safari. Ina nguvu nyingi, lakini viti vyake ni laini, springi zake husamehe mashimo, na kelele ya injini hupunguzwa isimchoshe aliye ndani. Namna ya pili hutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, ingawa sheria huiruhusu kupita barabarani. Imeinama karibu na ardhi, springi zake ni ngumu ili isilale upande katika kona, matairi yake hung'ang'ania lami yakipata moto, na mengi yasiyosaidia mwendo yamepunguzwa au yameondolewa. Ya kwanza humfikisha mtu mbali akiwa mzima wa mwili; ya pili humpa dereva habari za kila changarawe kwa njia ya usukani. Aijuaye ya pili hawezi kuibeza, na aijuaye ya kwanza hawezi kuiita motokaa ya wazee.

Mfano ulio bora wa uchaguzi huu ulitokea Ujerumani katika mwaka 1972. Kiwanda cha Porsche kilitaka kuingiza motokaa mpya katika mashindano, na kanuni zilidai kwamba zitengenezwe 500 za namna hiyo ndipo zikubaliwe. Ikaundwa 911 Carrera RS 2.7, ikaonyeshwa Paris mwezi wa Oktoba mwaka huo. Injini yake ilikuwa ya lita 2.7 na nguvu za farasi 210, na nyuma ilikuwa na kibawa kilichoinuka mfano wa mkia wa bata, ili upepo usiinyanyue katika mwendo wa kasi. Mnunuzi aliwekewa njia mbili. Akitaka nyepesi, aliuziwa motokaa ya kilo 960 isiyo na viti vya nyuma, wala mazulia, wala saa, wala mahali pa kuegemeza mkono, wala hata kulabu ya kutundikia koti. Nembo ya kiwanda iliyo mbele nayo ilikuwa ya kubandika tu. Akitaka ya safari, alirudishiwa raha hizo zote, na uzito ukafika kilo 1,075. Injini ilikuwa ile ile.

Basi na tupime. Tofauti ya uzito ilikuwa kilo 115, yaani gunia la mahindi na ziada kidogo. Kwa kutupa gunia hilo, motokaa nyepesi ilitoka katika kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.8, na ile ya safari kwa sekunde 6.3. Upeo wa kasi wa nyepesi ulikuwa kilomita 245 kwa saa, na wa ile nyingine 240. Katika uwanja wa mashindano nusu sekunde ni utajiri, maana hurudi tena na tena katika kila mzunguko. Katika barabara ya kwenda kazini nusu sekunde humalizwa na mbuzi mmoja avukaye njia.

Wanunuzi walifanyaje? Zile 500 ziliuzwa zote kabla ya mwezi wa Novemba kwisha, ikabidi kiwanda kiendelee, hata jumla ikafika 1,580. Katika hizo, 1,308 zilikuwa za safari, na nyepesi zilikuwa 200. Chache zilizosalia nyingi zake zilikuwa za mashindano hasa. Kwa hiyo wengi wa watu walioinunua motokaa iliyozaliwa kwa ajili ya mashindano walitaka iwe na zulia na saa. Leo zile nyepesi huuzwa kwa bei kubwa kuliko za safari, na wako wasemao kuwa bei hiyo ni ushahidi kwamba wale 200 ndio waliokuwa na akili. Mimi sikubali. Mnada hupima uchache wa kitu na tamaa ya wanaokitaka. Haupimi safari ambazo kitu hicho kilimfikisha mwenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tulipata nafasi ya kuiona motokaa hiyo katika njia zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alikuja kuyashindana kwa Carrera RS. Njia za Safari hazikuwa uwanja wa lami. Zilikuwa matope, mawe, vumbi na mito iliyofurika, na motokaa iliyotaka kumaliza ililazimika kuinuliwa juu na kufungwa mabamba ya chuma chini ya tumbo. Uzito uliotupwa kwa bidii kule Ulaya ulirudishwa hapa kwa bidii hiyo hiyo. Waldegård alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Joginder Singh wa Kenya, katika Colt Lancer ndogo yenye injini ya lita 1.6. Sisemi kuwa motokaa ndogo ni bora kuliko kubwa. Nasema kuwa wepesi na nguvu havina thamani iliyo kamili peke yake, ila thamani ipewayo na njia.

Miaka michache iliyopita jambo hili lilibisha hodi katika jamaa yangu. Mpwa wangu, aliye mhandisi katika mji wa Stuttgart, alinipigia simu. Baada ya kuniamkia na kuuliza hali za nyumbani alisema, "Mjomba, nimeweka akiba kwa miaka 12. Nataka kununua motokaa moja, wala sidhani kuwa nitanunua nyingine kama hiyo maishani. Nipe shauri." Mbele yake palikuwa na mbili zilizokwisha kutumika, zote za Porsche, za jamii ya 718 Cayman. Moja ilikuwa GTS 4.0, yenye nguvu za farasi 400. Ya pili ilikuwa GT4, yenye nguvu za farasi 420. Zote zilikuwa na injini ya lita 4 na mitungi 6. Lakini GT4 ilikuwa na bawa kubwa nyuma, imeinama zaidi, na maungo yake yote yalikazwa kwa ajili ya uwanja. Moyo wake ulikuwa kwa GT4. Wenzake kazini waliisifu, wakamwambia kuwa achukuaye ile nyingine amekubali kushindwa kabla ya kuanza.

Mimi nimekwenda na kurudi baina ya Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi katika motokaa za kawaida, mwendo wa kilomita 480 hivi, na mgongo wangu umejifunza hesabu isiyoandikwa katika vitabu vya viwanda. Nikamwuliza angekwenda wapi na motokaa hiyo. Akajibu kuwa mkewe ni mwuguzi Hamburg, na kila mwisho wa juma mmoja wao husafiri zaidi ya kilomita 600 kumfuata mwenzake. Tena, mara nne au tano kwa mwaka, angependa kwenda Nürburgring, njia ya mashindano iliyofunguliwa mwaka 1927, ambako siku maalumu mtu wa kawaida hulipa ada akazunguka duru ya karibu kilomita 21. Nikamwambia, "Mwanangu, kwenda Hamburg na kurudi mara moja tu kunapita duru 50 za huko. Hesabu imekwisha."

Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, hesabu yako ni ya kweli, lakini haipimi kila kitu. Mtu huvaa kanzu ya Idi siku chache kwa mwaka, wala hapana amwambiaye ashone ya kazi kwa kuwa siku za kazi ni nyingi. Barabara ya kila juma hunichosha. Siku zile nne ndizo nitakazozikumbuka nikiwa mzee. Je, nichague kwa ajili ya siku nitakazozisahau?"

Jibu hilo lilininyamazisha, maana lilikuwa na haki ndani yake. Maisha yaliyopimwa kwa wingi wa siku peke yake yangekuwa maisha ya punda wa kinu. Nilikaa nikitafakari ni nini kinachoitenga kanzu ya Idi na motokaa, nikaona kuwa ni kile kiti cha pili. Kanzu huvaliwa na mtu mmoja, na ikimbana, hubanwa yeye. Motokaa hupakia wawili. Ugumu anaoubeba mtu mwenyewe kwa hiari yake ni nidhamu, nao waweza kumkomaza. Ugumu anaombebesha mwenzake bila ya kumwuliza ni udhalimu, hata ukipakwa rangi ya kupendeza. Kadhalika matairi ya uwanjani hutaka joto ndipo yashike vema, na usiku wa Januari kule Ujerumani, katika mvua iliyo karibu kuganda, joto hilo halipatikani. Hatari hiyo nayo ni ya watu wawili.

Nikampigia, nikamwuliza swali moja tu: "Mkeo amekwisha kukaa ndani yake?" Akanyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa anataka kumnunulia mwenzake kitanda kwa kusikia sifa zake.

Jumamosi iliyofuata wauzaji waliwaruhusu kuzijaribu zote mbili. Mwanamke yule alikaa katika GT4 bila ya kulalamika, ila aliposhuka aliushika mgongo. Kisha akasema maneno ambayo mpwa wangu alinisimulia kama alivyoyasikia: "Hii ni nzuri kwa moyo wako. Kama unaihitaji sana, sitakuzuia. Mimi nitapanda treni." Hakuyasema kwa hasira. Alisema ukweli wa mgongo wake, na katika ukweli huo mpwa wangu akaona Ijumaa zake zote, yeye peke yake katika barabara ndefu, kiti cha pili kitupu.

Alinunua GTS. Sitaki kudanganya kuwa hakupoteza kitu. Anapokwenda Nürburgring motokaa zenye mabawa makubwa humpita katika kona, na kila zinapompita huuma mdomo. Hiyo ndiyo bei aliyoilipa, naye huijua kiasi chake hata senti.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi mtafikia njia panda za namna hii: kazi ngumu yenye sifa au kazi ya kadiri yenye utulivu, mji wa mbali au mji wa nyumbani, mafunzo yanayokaza mishipa au yale yanayoacha nafasi ya usingizi. Msidhani kuwa raha siku zote ni ulegevu, wala msidhani kuwa ugumu siku zote ni ushujaa. Ijueni njia yenu kwanza, maana sifa za watu hazitasafiri nanyi. Kisha kabla ya kulipa, geukeni mtazame ni nani aliyeketi kando yenu, mumwulize mgongo wake wasemaje.