Mpiga Ngoma Asiye na Uso



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo nina kisa cha nyumbani kwangu hapa Buyenzi, na ndani yake mna kosa langu mwenyewe.

Kabla ya sherehe za uhuru za tarehe 1 Julai, kijana wangu wa miaka 15 alipewa kazi shuleni: kuchora kwa kompyuta mtu aliyevaa vazi la utamaduni wetu. Akamchagua mpiga ngoma wa Burundi. Nilimkuta akichora macho. Sikuuliza kitu, nikamwambia, "Funga hiyo, haramu." Akafunga. Siku mbili hakunisemesha ila kwa salamu.

Usiku wa pili mama yake akaniambia, "Mwalimu, wanafunzi wako wakikuuliza jambo unawapa dalili. Mwanao umempa amri tu." Maneno yale yalinichoma, kwani yalikuwa kweli.

Hadithi zinazowaonya wachoraji wa viumbe zipo na ni sahihi. Lakini katika Sahihi Bukhari imo pia habari ya Ibn Abbas (R.A.), alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora. Alimwonya, kisha akamwelekeza achore miti na vitu visivyo na roho. Hakumwacha mikono mitupu. Na wanazuoni wamekhitilafiana: wapo wanaokataza kila sura ya chenye roho, wapo wanaotenganisha sanamu lenye kivuli na picha bapa, na wapo wanaoruhusu umbo lisilo na alama za uso. Yote hayo nilikuwa nayajua, na sikumwambia hata moja.

Asubuhi nikamwomba radhi, nikamweleza, kisha nikaketi naye. "Nionyeshe unavyofanya."

Alitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Picha ya simu, alisema, ni vidoti vingi; ukiikuza sana inaharibika. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kama hesabu: nukta, mistari na mikunjo. Ukiukuza hadi ukubwa wa bango, ukingo unabaki safi. Nikakumbuka mapambo ya misikiti, nyota zinazozaliwa kwa bikari na rula. Kumbe si kazi ngeni kwetu.

Tukaanza na ngoma, kwenye tabaka lake peke yake: gogo la mti wa umuvugangoma, ngozi juu, vigingi pembeni. Nikamwambia kwamba kwa Kirundi ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na kwamba UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Kisha vazi: nguo nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera yetu, kila kunjo umbo lake. Umeme ukakatika kabla hajahifadhi. Tukarudia kesho yake.

Kichwa akakiacha duara la kahawia, ngoma juu yake. "Baba, atajulikana bila uso?" Kabla sijajibu, mdogo wake akachungulia akasema, "Huyo mtu wa ngoma!"

Shuleni alikatwa alama kwa sababu ya uso. Nilidhani atanilaumu. Akasema, "Nilimweleza mwalimu sababu, Baba. Alama hakurudisha, ila alinisikiliza hadi mwisho."

Ndugu mzazi, huenda wewe unafuata kauli nyingine ya wanazuoni, na hilo ni lako na mwalimu wako. Ninachokuomba ni kimoja: mtoto akija na jambo jipya, keti kwanza, tazama, ndipo useme. Na ukisema hapana, mpe sababu ambayo naye ataweza kuieleza mbele za watu ukiwa haupo.

Wabillaahi tawfiiq.