Kura Sita kwa Moja

Baada ya mitihani ya Juni, Padre mlezi alitupa siku moja ya matembezi. Masharti yalikuwa matatu: twende sote saba, turudi kabla ya Masifu ya Jioni, na tusitumie zaidi ya nauli ya treni na chakula cha kubeba. Mahali tuchague wenyewe. Tulidhani ni jambo la dakika kumi. Lilituchukua jioni mbili.

Sisi ni mafrateri saba tunaosoma hapa Roma: watano kutoka Tanzania, mmoja kutoka Kindu nchini Kongo, na mmoja kutoka Ethiopia. Wa kwanza kutoa wazo alitaka twende Loreto, kwenye Nyumba Takatifu ya Mama Maria. Wazo zuri, lakini Loreto iko ng'ambo ya milima, upande wa bahari ya Adriatiki. Kwenda na kurudi kwa siku moja, na kwa mfuko wetu, haiwezekani.

Hata hivyo, Loreto ndiyo iliyotufikisha kwenye ndege. Mapokeo yanasimulia kwamba nyumba ya Nazareti ilibebwa na malaika kupitia angani hadi pale, na kwa sababu hiyo mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Mama Yetu wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa anga. Papa Fransisko naye, mwaka 2019, aliiingiza kumbukumbu yake ya tarehe 10 Desemba katika kalenda ya Kanisa zima. Mmoja wetu akasema kwa utani, "Kama hatuwezi kumfikia Mama, basi twende tukawaone watoto wake marubani." Akataja makumbusho ya jeshi la anga la Italia yaliyoko Vigna di Valle, kando ya ziwa Bracciano. Treni ya kwenda Viterbo inapita kituo cha San Pietro, karibu kabisa na Vatikani, na kiingilio wakati huo hakikuwa na malipo. Ziwa lipo, kivuli kipo, na ndege zipo. Tulishangilia. Tukapiga kura papo hapo: sita wakanyosha mikono.

Wa saba, ndugu yetu wa Ethiopia, hakunyosha. Tukamwambia, kwa kucheka, kwamba wengi wape. Akatabasamu, akaenda zake kulala.

Usiku ule mmoja wetu alibisha hodi kwenye vyumba vya wengine. Alikuwa amegundua jambo lililotuaibisha. Mjadala wote tuliufanya kwa Kiswahili. Mwenzetu wa Kindu anakijua, kwa Kingwana chake, lakini ndugu wa Ethiopia hajui neno. Tulimtafsiria kwa Kiitaliano mara moja tu, tulipotaka mkono wake. Tena tulimwomba apigie kura makumbusho ya jeshi gani? La Italia. Sisi tuliona mabawa na injini. Yeye aliona nini?

Historia hiyo tuliisoma shuleni, tukaifanyia mitihani, tukaisahau. Bomu la kwanza kabisa kuangushwa kutoka kwenye ndege lilianguka Afrika: tarehe 1 Novemba 1911 rubani wa Kiitaliano, Giulio Gavotti, aliyatupa kwa mkono mabomu madogo huko Libya. Miaka ishirini na minne baadaye, Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, ndege zake zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na raia, nayo huchoma ngozi, macho na mapafu. Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mwaka 1936 kuyashtaki hayo mbele ya mataifa. Serikali ya Italia ilikuja kukiri rasmi matumizi ya gesi hiyo mwaka 1996, miaka sitini ilipokwisha kupita.

Jioni ya pili tulikaa upya, na safari hii tulizungumza Kiitaliano. Tulimwomba msamaha kwanza. Tukamwambia kwamba kura imefutwa na kwamba tunaweza kwenda ufukweni Ostia bila neno. Alikaa kimya, kisha akatusimulia juu ya nyanya ya mama yake, ambaye hadi uzeeni alikuwa haachi nguo nje wingu likitanda. Alikuwa akisema amewahi kuona mvua isiyo ya maji.

Hapo mwenzetu wa Kindu naye akafungua moyo. Alisema yeye alinyosha mkono kwa sababu asiyowahi kututajia. Mwezi Novemba 1961 Waitaliano kumi na watatu wa jeshi la anga walitua Kindu na ndege mbili za mizigo, katika kazi ya Umoja wa Mataifa, wakiwapelekea mahitaji walinda amani kutoka Malaya. Askari wa Kongo waliwadhania kuwa maadui, wakawakamata na kuwaua. Kwa Waitaliano jina la Kindu ni jina la msiba, na wapo mashahidi wa mnara wa ukumbusho pale uwanja wa ndege wa Fiumicino. "Kila ninapotaja kwetu," alisema, "mzee wa Kiitaliano hunitazama kwa namna fulani. Ningependa siku moja nikawaombee hao kumi na watatu mahali penye watu wa kazi yao."

Chumba kilikuwa kimya. Mmoja alikuwa na jeraha kutoka kwa jeshi lile, mwingine alibeba aibu mbele ya jeshi lilelile. Ndugu wa Ethiopia ndiye aliyekata shauri. "Twende," alisema. "Ila nisipigwe picha mbele ya ndege za miaka ile, na sala za huko niziongoze mimi."

Tulikwenda Jumamosi. Kutoka kituoni ni mwendo wa kutosha kwa miguu, na jua lilikuwa kali. Ndani ya mabanda makubwa tulistaajabu kweli, hatuwezi kuficha. Ipo Macchi M.C.72, ndege nyekundu ya kutua majini, ambayo mwaka 1934 Francesco Agello aliirusha kwa kasi ya kilomita 709 kwa saa. Hakuna ndege nyingine ya majini yenye injini ya pistoni iliyoivunja rekodi hiyo hadi leo. Kabla ya Agello, marubani wawili, Monti na Bellini, walikufa wakiijaribu. Kwenye ndege za miaka ya 1930 tulipunguza sauti. Ndugu yetu alisimama peke yake muda mrefu, nasi tukamsubiri mlangoni bila kumharakisha.

Mchana, kando ya ziwa, aliongoza Rozari. Fumbo la kwanza aliliombea Kindu: waliouawa, kisha waliowaua. La pili aliliombea kijiji cha nyanya ya mama yake, na marubani waliotumwa juu yake. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa frateri wa Kindu.

Jumuiya ndogondogo, vyama vya kitume na vijana wa parokia hupanga matembezi kila mwaka. Nasi tumejifunza jambo moja la kuwapa: kabla ya kuhesabu mikono, mtazameni asiyenyosha. Muulizeni kwa lugha anayoielewa. Huenda atawazuia, huenda atawaruhusu, lakini mtakapofika huko mtakuwa mmefika wote. Mwaka ujao zamu ya kupendekeza mahali ni yake. Ameshatuambia tuanze kuweka akiba ya nauli ya Loreto.