Mtaji wa Mke Wangu Niliula Mimi

Ndugu msomaji, leo sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mke wangu alikuwa na biashara ya vitumbua. Aliamka saa kumi alfajiri akawasha moto, na ilipotimu saa moja majirani waendao kazini walikuwa wamekwisha kulimaliza beseni lake. Mimi nilikunywa chai, nikavaa viatu vyangu na kwenda ofisini, nikijiona kuwa ndimi peke yangu niilishaye nyumba ile.

Fedha zake alizifunga katika pindo la khanga. Kila mshahara wangu uliponiishia katikati ya mwezi, nilimwomba nauli ya siku moja tu. Kesho yake ukatokea mchango wa harusi ya rafiki; wiki iliyofuata, deni la dukani. Sikuiba, maana niliomba naye akanipa. Wala sikurudisha, maana sikudhani kuwa lile lilikuwa deni. Asubuhi moja niliamka nikakuta jiko ni baridi na kikaango kimetundikwa ukutani. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa upole: "Baba watoto, mchele na nazi havinunuliwi kwa ahadi."

Jibu hilo lilikuwa bado likinichoma siku niliposoma habari za maisha ya Bibi Esther Ocloo, mwanamke wa Ghana aliyezaliwa mwaka 1919, nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Gold Coast. Baba yake alikuwa mhunzi, na mama yake alikuwa mkulima na mfinyanzi wa vyungu. Alipomaliza masomo katika shule mashuhuri ya Achimota, hakuwa na mtaji wowote ila shilingi 10 alizopewa na shangazi yake. Kwa fedha hizo alinunua machungwa, sukari na chupa 12, akapika jamu na kuitembeza mitaani kwa shilingi moja kila chupa. Waliosoma naye walimcheka: msomi mzima wa Achimota anachuuza barabarani!

Hakuzijali kelele hizo. Baadaye shule ile ile ya Achimota ikakubali kununua jamu yake, na jeshi likampa mkataba wa kuliuzia maji ya matunda. Kwa nguvu ya mkataba huo alipata mkopo wa benki, na mwaka 1942 akaanzisha kampuni aliyoipa jina la baba yake, Nkulenu. Alipoona kuwa ujuzi wake haumtoshi, alisafiri hadi Uingereza, na kati ya mwaka 1949 na 1951 akajifunza upishi na namna ya kuhifadhi vyakula.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni lile alilolifanya baada ya kufanikiwa. Bibi Ocloo hakuwasahau wachuuzi wenzake. Aliwahi kusema kwamba mwanamke auzaye wali na mchuzi kando ya barabara hupata fedha nyingi kuliko wanawake wengi wa maofisini, ila hakuna amthaminiye. Aliona kuwa kinachowakwamisha si uvivu wala ujinga. Ni kukosa mtu wa kuwaamini kwa mkopo, maana hawana nyumba wala shamba la kuweka rehani. Ndiyo sababu mwaka 1979 alishirikiana na wenzake, akiwamo Bibi Ela Bhatt wa India, kuunda shirika la Women's World Banking, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alifariki dunia mwaka 2002.

Niliposoma hayo nilijiuliza: ikiwa benki zilikuwa na kosa la kutomwamini mwanamke wa barabarani, je, mimi niliyekuwa nikila vitumbua vyake kila asubuhi, nilimwamini? Shilingi 10 za Bibi Ocloo zilizaa kwa sababu zilirudi kununua machungwa mengine. Mtaji mdogo si msiba. Msiba ni mtaji usioachwa urudi kazini. Na katika nyumba zetu nyingi mla mtaji hatoki mbali. Ni mume, ni shemeji, ni jamaa aliyekuja kusalimu.

Jioni ile tuliketi na daftari. Tuliandika bei ya mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, kisha nikamwomba aandike pia ujira wake wa kuamka alfajiri. Alicheka, kwa kuwa hakuwahi kuuhesabu. Wala mimi sikuwahi. Tulipojumlisha nilizochukua, niliona aibu kuitazama ile tarakimu. Nilizirudisha kwa miezi mitatu, kutoka katika mshahara wangu, na kila mara aliandika mbele yangu: "Nimepokea."

Sasa kikaango kimerudi motoni, na fedha za biashara zina kisanduku chao ambacho ufunguo wake anao yeye. Nikihitaji nauli naomba mkopo, na mara nyingine nanyimwa.

Basi ndugu yangu mwanamume usomaye ukurasa huu, kabla hujalalamika kwamba biashara ya mkeo haikui, hesabu kwanza ni mara ngapi umeinamisha mkono wako katika beseni lake. Nawe dada yangu, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari.