Mti na Ngozi Navyo ni Historia

Sisi tuliosomea Somanda, Bariadi, tulikua tukiamini kwamba historia ya kale ni ya Misri. Mafarao walikuwa kwenye vitabu na mitihani, ilhali ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, wa Ntuzu kwetu zilibaki habari za wazee. Imani hiyo imelegea taratibu, na Bujora ina mchango mkubwa. Basi la Bariadi kwenda Mwanza hupita Lamadi na Magu kabla ya kufika Kisesa, na jirani na hapo, Bujora, ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na vyombo vya utawala vilivyokuwa vikionwa na wachache sasa hutazamwa na mtoto yeyote wa shule. Hapo ndipo mtu anapotambua kuwa Misri haikutuzidi kwa kuwa na mambo ya kale. Ilituzidi kwa kuyatunza.

Wapo wanaosema hatuwezi kujilinganisha, kwa kuwa wenzetu waliacha mawe na dhahabu, sisi mti na ngozi. Lakini kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilijaa pia viti vya mbao, fimbo, vikapu, viatu na nguo za kitani. Vilidumu zaidi ya miaka 3,000 kwa sababu ya ukavu na giza la kaburi. Kwetu kuna mvua na mchwa, kwa hiyo kazi iliyofanywa kule na jangwa, huku lazima ifanywe na watu. Wengine wanahofu kwamba kutukuza vyombo vya watemi ni kurudisha utemi uliofutwa mwaka 1963. Misri nayo ilifuta ufalme mwaka 1953, na bado inawaenzi mafarao bila kumtawaza yeyote.

Kuna pia hoja kwamba Bujora inatosha. Inatosha kama mfano, lakini Simiyu, ilimo Bariadi, ni mkoa tangu mwaka 2012, na mtoto wa Somanda anastahili kuviona vya kwao bila nauli ya Mwanza. Tusisubiri jengo. Howard Carter, mwanaakiolojia aliyelichimbua kaburi la Tutankhamun, alikipa kila kitu namba, na kikapigwa picha, kabla hakijatolewa kaburini. Nasi tuanze na daftari: ngoma hii ni ya nani, ilipigwa lini, kwa shughuli gani. Wanaoyajua majibu ni wazee, na wanazidi kupungua.