Bilinganya iliyooza ya Durban



Mgeni anayefika Durban, katika Afrika ya Kusini, hupelekwa kwanza baharini. Dada yangu naye alinipeleka, maana jamaa wengi wa kwetu mashariki ya Kongo wanaishi katika mji ule. Lakini mimi nilipenda zaidi masoko ya Warwick, ambako wamama wanauza mboga tangu alfajiri. Bilinganya wanaiita brinjal, jina lililo ndugu ya letu. Wahindi, walioanza kuletwa huko mwaka 1860 kwa kazi ya mashamba ya miwa, wanaipika kwa pilipili na viungo vingi.

Nataja bilinganya kwa sababu moja ya mji ule, iliyooza, imeingia katika historia ya dawa.

Mwaka 2010, wanafunzi wa Iniversite ya KwaZulu-Natal walikuwa wanatafuta bakteriofaji. Hizo ni virusi zisizoshambulia mwili wa mtu. Zinashambulia bakteria tu. Félix d'Hérelle alizipa jina hilo huko Paris mwaka 1917. Faji inaingia ndani ya bakteria, inazaana humo, kisha inaipasua. Zinapatikana udongoni, mtoni, na hata katika mbolea. Lakini kila faji ina bakteria zake: inayoua mikrobe ya kuhara haisaidii kifua. Ndiyo maana inafaa kutafuta nyingi.

Mwanafunzi mmoja wa kike alichukua kipimo chake chini ya bilinganya iliyoozea kwenye lundo la mbolea. Kazi inayofuata haina uchawi. Unachanganya uchafu ule na maji ya labo, unachuja kwa chujio lenye matundu madogo sana ambayo bakteria haziwezi kupita. Maji yaliyochujwa unayatia pamoja na bakteria isiyodhuru, jamaa ya ile ya kifua kikuu, katika sahani, na unaiweka penye joto. Kisha bakteria zinafunika sahani kama ukungu, lakini penye faji panabaki doa safi. Aliyeipata ndiye anayeipa jina. Ile ya bilinganya iliitwa Muddy, maana yake yenye matope.

Mwaka 2018, huko London, msichana wa miaka 15 aliyekuwa amebadilishiwa mapafu yote mawili alikaribia kufa. Antibiotiki hazikuweza tena mikrobe yake. Wataalamu wa Iniversite ya Pittsburgh, Marekani, walitafuta katika akiba ya faji zilizokusanywa na wanafunzi kwa miaka mingi. Tatu zilifaa, Muddy ikiwa mojawapo, na alipewa kwa serumu mara mbili kila siku. Mikrobe haikwisha yote, lakini kidonda chake kilifunga, akatoka hospitali, akarudi kwa masomo.

Hayo yanatuhusu hapa Bukavu. Tunanunua vidonge vya antibiotiki viwili vitatu, homa ikishuka tunaacha. Hivyo tunazipa mikrobe nafasi ya kuzoea dawa, na siku mtoto anapougua kweli, dawa inashindwa. Tumalize dawa kama muganga alivyoandika. Wala mtu asipake uchafu juu ya kidonda kwa sababu ya habari hii: faji inasafishwa na kupimwa kwanza, na ni waganga wanaoitoa.

Jalala tunalo. Bilinganya zinaozea Kadutu kama zinavyoozea Durban, na udongo wetu hauna upungufu. Kinachopungua ni mtu aliyefundishwa kutazama. Wasichana wangu wa biolojia wanachora bakteria kutoka ubaoni bila kuiona hata siku moja. Halafu minervali inapokosekana nyumbani, kaka anabaki darasani na dada anatumwa sokoni kuuza sombe. Wengi tunasema: "Biolojia itampikia bwana nini?"

Mwaka huu nina wasichana watatu katika mwaka wa mwisho wa sekondari, seksio ya biokimia. Wanapenda somo lao, na wawili kati yao wana deni la shule. Siku ya likelemba nitaomba neno: kila mama atoe kidogo, tuwafikishe kwenye mtihani wa Serikali. Gharama yake kwa kila mmoja wetu haizidi bei ya bilinganya chache.