Nilimnyang'anya Chaki

Mwalimu mmoja kijana aliacha kazi kwa kosa langu, nami kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia watu kwamba aliiacha kwa ajili ya mshahara. Sababu hiyo iliaminika upesi. Hapa Baraka, kama popote katika wilaya ya Fizi huku Kivu, Kongo, mwalimu mpya ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali, yule tunayemwita N.U., anaweza kufundisha mwaka mzima asione hata franga. Kwa hiyo nilipoieleza kamati ya wazazi kwamba binti yule ameshindwa kuvumilia njaa, hakuna aliyeuliza swali la pili. Leo najiuliza mwenyewe, na jibu nalitoa hadharani.

Ilikuwa Septemba 2019. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule za msingi ni bure, jambo lililoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 na kulala humo miaka 13. Watoto walimiminika. Katika darasa la kwanza wengine walikaa chini hadi miguuni pa tablo, mwalimu akakosa pa kukanyaga. Wakati huohuo pesa ya wazazi, ambayo tangu migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwalimu wa Kongo, ikapigwa marufuku. Mimi direkta nilikuwa na kazi ya kugawa madarasa. Wakongwe walichagua kwanza, kama desturi ilivyo. Darasa la sita lina mtihani wa taifa, na shule husifiwa au huaibishwa kwa mtihani huo, kwa hiyo huko nikapeleka walimu wangu hodari. Darasa la kwanza, lenye watoto wengi kuliko yote na wasiojua hata kushika kalamu, nikampa aliyefika mwisho, ambaye hakuwa na ubavu wa kukataa.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili ndipo wakampa jembe. Mimi nilimkabidhi jembe na shamba zima asubuhi ya kwanza.

Alikuwa ametoka kupata Diploma ya Serikali katika pedagojia. Wazazi wake walivuka ziwa naye mgongoni kwenda Tanzania wakati wa vita vya 1998, akakulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akarudi nyumbani kwa boti za HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilizokuwa zikishusha watu wetu hapa Baraka tangu 2005. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, kimenyooka, kila neno mahali pake. Kifaransa chake kilikwamakwama. Katika ofisi ya walimu tulimwita "Mtanzania," naye alicheka pamoja nasi, nikadhani mzaha haumuumi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka mtoto aanze masomo kwa lugha ya taifa, na kwetu Kivu lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa darasa la kwanza, basi, binti yule alikuwa na chombo kilichotupungukia sisi wengine. Tena watoto walioteremka kutoka vijiji vya milimani, ambao nyumbani husikia Kibembe tu, aliwageuzia neno kwa Kibembe kisha akalirudisha kwa Kiswahili. Lakini fishi ya somo, yaani andalio lake, huandikwa kwa Kifaransa, na inspekta huisoma kwa Kifaransa. Nami katika daftari la ziara, baada ya kumkuta akifundisha silabi kwa Kiswahili safi, niliandika kwamba Kifaransa chake ni dhaifu. Nilimpunguzia alama katika lugha ambayo somo lenyewe halikuihitaji.

Ziara iliyofuata ndiyo inayoninyima raha. Nilipita barazani nikasikia kelele. Watoto walikuwa wakiimba silabi za M huku wakipiga makofi, safu ya mbele ikianza, ya nyuma ikiitikia. Mimi nikaona fujo. Nikaingia, watoto wakasimama kuniamkia, nikamwendea mwalimu wao nikamnyang'anya chaki. Nikageukia tablo, nikaandika, nikaeleza, nikauliza, nikajijibu. Yeye alisimama pembeni karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele kwa kosa.

Watoto wa miaka sita hawajui kusoma tablo, lakini wanajua kusoma watu. Kuanzia siku hiyo, alipowaambia wanyamaze, kuna waliomuuliza kama direkta atakuja. Mzazi mmoja alifika ofisini kuomba mtoto wake ahamishiwe darasa la mwalimu "anayejua." Nikamhamisha. Sikuona kwamba ombi lile nililipanda mwenyewe.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi sijawahi kufundisha darasa la kwanza. Kabla ya kuwa direkta nilifundisha la tano na la sita tu, na kusoma kwa herufi za kwanza sikujua kunafundishwaje. Nilichoandika siku ile lilikuwa somo la watoto wakubwa kwa herufi kubwakubwa. Mama mmoja mkongwe aliyefundisha chumba cha pili alisikia yote kupitia ukuta wa mbao. Muda mrefu baadaye aliniambia, "Papa Direkta, siku ile watoto hawakushika hata kimoja." Nilikuwa nimemhukumu kijana kwa kazi ambayo mimi mwenyewe siiwezi, na sauti kubwa ndiyo iliyonifichia aibu.

Baada ya hapo fishi zake zikawa nzuri mno. Mwandiko safi, malengo yamepangwa, hatua zote zipo kuanzia utangulizi hadi mazoezi. Kila nilipoingia, mikono yote ilikuwa juu na majibu yote yalikuwa sahihi. Nikaandika "maendeleo mazuri" na nikajipongeza: ukali wangu umezaa matunda. Sikujiuliza mbona nakuta somo lilelile. Alikuwa na somo moja la mgeni, watoto wanalijua kwa moyo, na aliponiona nikivuka uwanja alilitoa. Fishi alizinakili kwa mwenzake usiku. Ziara zangu, zilizokusudiwa kunionyesha mahali anapokwama, zilimfundisha jinsi ya kupaficha.

Naye alikuwa na haki ya kuficha. Kwetu direkta ndiye anayetembelea darasa, ndiye anayeandika ripoti, na ndiye anayetoa alama ya mwaka. Nani atamwambia mtu huyo kwamba ameshindwa? Ukimwuliza mwalimu mpya ofisini kama ana tatizo lolote, huku kalamu ya alama imo mkononi, unamfundisha kusema hapana.

Aliondoka Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zote za nchi zilifungwa kwa ajili ya korona, na pengo lake halikuonekana. Sasa anauza vitenge ambavyo huvifuata Kigoma. Nilikutana naye sokoni, akaniamkia shikamoo kama walivyomlea kambini. Nilimwambia pole kwa mambo ya mshahara. Akanijibu kwa adabu iliyonikata zaidi kuliko matusi: "Njaa naijua tangu Nyarugusu, Direkta. Darasa ndilo lililonitisha. Sikuwa na wa kumuuliza."

Simsafishi mwingine yeyote kwa maungamo haya. Kumfanyisha mtu kazi bila malipo ni dhuluma, na walimu wengi wapya wa Fizi wamelikimbia darasa wakaenda kuchimba dhahabu Misisi kwa sababu hiyo. Lakini ndani ya ua wa shule kuna vitu ambavyo havikusubiri pesa ya Kinshasa, na sikuvitoa.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Mwalimu anayeanza simpi tena darasa la kwanza wala la sita. Nampa la tatu, ambako watoto tayari wanasoma kidogo na hakuna mtihani wa taifa. La kwanza nimemwomba yule mama mkongwe alichukue, nikampa heshima ambayo zamani niliiweka kwa mwalimu wa la sita peke yake. Shule yetu ina zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Zamani niliiona kuwa balaa la ukosefu wa vyumba. Kumbe anayefundisha mchana anaweza kukaa asubuhi nyuma ya darasa la mwenzake, akatazama anavyopanga watoto, anavyowanyamazisha, anavyosahihisha madaftari mengi kwa muda mfupi. Mambo hayo hayapatikani katika majuma machache ya mazoezi waliyoyafanya wakiwa wanafunzi.

Kila mpya ana mkongwe wake, na wanayozungumza hayafiki kwangu. Sharti hilo lilikuwa gumu kwangu kulikubali, kwa maana direkta hupenda kujua kila kitu. Mimi muhula wa kwanza naingia bila daftari, nakaa, naondoka. Kama nina neno, nalisema watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Chaki sigusi.

Hayo si mageni duniani. Scotland, tangu 2002, huwapa walimu wanaoanza mwaka wa ulezi, vipindi vikiwa pungufu na mwenzao mzoefu akiwa karibu. Hapo ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina mpango wa MEWAKA, ambamo walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za kujifunza na kutatua pamoja yanayowashinda. Kwetu pia kuna mikutano ya kipedagojia na masomo ya mfano. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaigeuza mahakama: mpya anafundisha, wakongwe wanamhesabia makosa, direkta anahitimisha. Katika shule yetu sasa mkongwe hufundisha kwanza, na mpya ndiye mwenye haki ya kuuliza. Wawili kati ya wakongwe walikasirika. Mmoja bado hasemi nami vizuri.

Madirekta wenzangu wa Baraka, Mboko, Sebele na Lulimba, mkikaa Septemba kugawa madarasa, anzeni na aliyefika mwisho. Mtafutieni darasa analoliweza na mtu wa kumuuliza asiye na kalamu ya alama. Mkisikia kelele ndani, ngojeni mlangoni mpaka mjue ni kelele za nini. Mshahara wa walimu wapya ni deni la serikali, na tuendelee kuidai. Kuwashika mkono ni deni letu, na kwa binti yule mimi sikulilipa.