Mtu Aliyesahau Jina Lake

Katika filamu ya The Bourne Identity (2002), wavuvi wanamwopoa mtu baharini akiwa na risasi mbili mgongoni. Hajui hata jina lake. Baadaye, mjini Zurich, polisi wawili wanamkuta amelala kwenye benchi la bustani. Wanamwamsha, naye anawajibu kwa Kijerumani, lugha ambayo hakujua kwamba anaijua. Wanapomgusa kwa rungu, anawaangusha wote wawili. Ulimi na mikono vimekumbuka kile ambacho kichwa kimepoteza.

Sisi wanafunzi wa lugha tungeitazama filamu hii kwa sababu ya benchi lile tu. Mbio za magari za Paris nawaachia wengine.

Babu yangu alikuwa mwanajeshi hapa Uganda miaka ya 1970, wakati Kiswahili kilipokuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Siku hizi ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyekwisha kufariki. Lakini mlango ukigongwa usiku, huuliza kwa Kiswahili, kwa sauti kali asiyoitumia mchana: "Nani huyo? Toa kitambulisho!" Kiswahili changu nimekipata darasani, pamoja na salamu ndefu na methali. Chake kina amri tu. Bibi akikisikia hunyamaza.

Bourne anagundua kwamba alikuwa muuaji wa siri wa shirika la ujasusi la Marekani. Alitumwa kumwua Wombosi, mtawala wa Kiafrika aliyeishi uhamishoni, kwa namna ambayo lawama ingewaangukia watu wa Wombosi mwenyewe. Hujuma hiyo ilishindikana kwa sababu aliwaona watoto, mkono ukasita, naye akapigwa risasi akikimbia. Nadhani hapo watunzi walimhurumia mno: kumbukumbu nzito anayorudishiwa ni ileile inayomsafisha. Wombosi, ambaye hakusahau kitu na alitishia kuyaandika yote katika kitabu, anauawa filamu ikiwa bado katikati. Wenzangu niliotazama nao hawakulikumbuka hata jina lake.

Nilimwuliza baba kama babu aliwahi kusimulia alikuwa wapi miaka ile, na alifanya kazi gani.

"Mwanangu," alisema, "yeye mwenyewe ameshasahau."

Kisha akaongeza sauti ya redio.